Kinu cha Karanga

Kabla ya alfajiri kinu kidogo kililia ko, ko, ko. Bi Mwanakheri alikuwa akitwanga karanga ambazo hakuwa na meno ya kuzitafuna.

Kulipokucha, Adija, muuguzi wa meno aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba, alimtazama kinywa kwa upole.

"Bibi, mbona hukuja zahanati mapema?"

"Nije meno hayaumi? Yalipouma nilikwenda, yakang'olewa."

"Yasipouma ndipo tunapoyaokoa, bibi."

Hakuna aliyewahi kumwambia Bi Mwanakheri hivyo. Adija aliutwaa mchi taratibu, akamtwangia karanga zilizobaki.

"Binti yangu bado anayo yote, wala hayamuumi," bibi alisema, kiganja kimefunika mdomo. "Leo yuko sokoni. Njoo tena, mjukuu wangu."