Samaki wa Ukutani

"Samahani, mwanangu," mjane alimwambia mhudumu, "huyu ndiye yule samaki wa ukutani?"

Ukutani, ndani ya fremu ya kioo, palitundikwa kipande cha gazeti kilichokwisha kugeuka rangi ya chai. Mhudumu alikitazama, akaitazama sahani, akaapa kuwa ndiye.

Mjane akamega tena. Samaki alikuwa mkavu. Akashushia funda la mvinyo mwekundu, nao ukapita kooni kama maji yaliyosuuziwa glasi. Kisha akayasoma upya maneno ya marehemu mumewe: *Samaki wa hapa ana adabu. Hasemi kitu mpaka umemmeza, halafu anasema nawe mchana kutwa. Na mvinyo wao huanza kwa ukali wa shangazi, ukaishia kwa upole wa bibi.*

"Mimi huyu hajaniambia kitu," alisema binti yake. "Mama, hili ni gome."

"Baba yako hakuwa mjinga."

Kwa miaka ishirini na sita, kila Jumamosi, marehemu aliwaeleza wasomaji wa gazeti wapi pa kula na kunywa katika bonde lile la mizabibu. Aliheshimika sana. Watu walifunga safari na safu yake mfukoni, wakala alichokisifu, wakakubali kwamba ni kweli tupu. Lakini nyumbani, mbele ya sahani ya mkewe, fundi huyo wa maneno alikuwa na neno moja tu: "Kinalika." Anamaliza chote, anafuta mdomo, "Kinalika," basi. Mwaka wa kwanza mkewe alilia. Baadaye akazoea, kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Hata hivyo, kila safari alimfungia hotpoti ya chakula na chupa ya mvinyo aliotengeneza mwenyewe kutokana na mzabibu wa uani. Hotpoti ilirudi imekombwa na chupa imekauka. "Nimewapa walinzi wa getini," mumewe alisema. "Wanakushukuru." Hilo nalo akalimeza.

Sasa binti alikuwa amekodi ukumbi mdogo mjini kwao. Alishapaka rangi na kupanga meza nane. Kilichobaki ni mpishi, naye alimtaka mama yake, si mwingine. Ufunguzi ulikuwa Jumatatu. Mjane alikataa kujibu mpaka kwanza ale kwa hao waliosifiwa, ajue amezidiwa kwa kiasi gani. Ndiyo maana walipanda gari la kijani la marehemu, wakaingia bondeni.

Huu ulikuwa mgahawa wa tatu. Kwenye ule wa kwanza nyama ilitaka msumeno. Wa pili, mchuzi ulikuwa na chumvi ya kutosha ng'ombe watatu.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," binti alisema. "Walikuwa wazuri hawa. Wamesifiwa, wakavimba vichwa."

"Wote watatu?" Mjane aliweka uma chini. "Hapana. Mdomo wangu ndio mbovu. Sijui kizuri ni kipi. Na asiyejua kizuri atakipikaje?"

"Mama, usinifanyie hivyo."

"Tafuta mpishi mwingine, mwanangu."

Macho yalimjaa maji mjane. Ilimuuma, maana moyoni alikuwa ameshazipanga sufuria zake katika jiko lile jipya, kubwa kushoto, ndogo kulia.

Mwenye mgahawa, bwana mnene mwenye tai, alikuja kuwaaga. Alipoambiwa wao ni nani, aliweka mkono kifuani.

"Mzee wetu! Yule ndiye aliyetulisha. Ninasikitika jambo moja tu, sikuwahi kumjua kwa sura. Alikuwa akija kimyakimya, kama walivyo watu wa kazi ile. Sisi tulishtukia tumo gazetini."

"Ndivyo alivyokuwa," mjane alisema, na fahari ikamnyoosha mgongo kidogo.

Nje walimkuta mlinzi mzee amesimama kando ya gari lao, anaipapasa boneti.

"Gari hili nalijua," alisema. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Shikamoo, baba. Alishafariki," binti alijibu. "Huyu ni mke wake."

Mlinzi alivua kofia, akatoa pole mara mbili. Hapo mjane akapata wazo. Huyu hapa hakimu wa mwisho: mtu aliyenusa jiko la mgahawa huu miaka nenda miaka rudi, na ambaye pia amekula chakula chake.

"Baba, niambie kweli, usinionee haya," alisema. "Kile chakula changu alichokuwa akikupa mume wangu. Kilikuwaje? Huyu mwanangu anangoja jibu."

"Alichokuwa akinipa mimi?"

"Kwenye hotpoti. Na ile chupa."

"Hotpoti ile ya kufungwa kitambaa chekundu?" Mlinzi alishangaa. "Mama, mimi sijaionja hata siku moja. Alikuwa akiegesha pale pembeni, anasoma ule ubao wa vyakula hapo nje, kisha anarudi kujifungia garini na hotpoti yake. Ndani ya mgahawa hakuwahi kukanyaga."

Akacheka kidogo, kwa kumkumbuka.

"Siku moja njaa ilinizidi, nikamwomba tonge moja tu. Akanikatalia, kalamu mkononi. 'Nikikugawia wewe,' akaniambia, 'mimi nitaandika nini?'"