Mfuko wa Mwisho wa Kundi O

Muuguzi Tausi alipotaka kumwekea damu, Bi Mwatime aliurudisha mkono wake chini ya shuka. Saratani ilikuwa imemmaliza. Mfuko ule, wa mwisho wa kundi O hospitalini, ungempa siku tatu tu, nne zikizidi.

"Mwekee, dada," mwanawe Hamadi alisema kwa ukali. "Mama hajui asemalo."

"Najua, baba," mama akanong'ona. "Nimechoka. Mpeni yule mzazi wa wodi ya uzazi anayevuja damu. Mkunga ameshakuja mara mbili kuuomba."

"Mama, una hakika?" Tausi akauliza.

"Ninayo."

Hamadi akaunyakua mfuko, akaukumbatia kifuani kwa mikono miwili. Mlangoni mkunga alikuwa amerudi, anahema. Tausi akamnyooshea Hamadi kiganja auweke mfuko. Unyevu wa mfuko baridi ulikuwa umeanza kulowesha shati la Hamadi.