Paa la Kioo la Laki Sita

“Paa la kioo, Garissa hii! Unataka kutukaanga?” Sakariye alifoka, akapiga boneti kofi.

“Nitakaangika mimi,” Rukiyo akamjibu mumewe. “Halikuhusu.”

Yadi nzima ya magari ilikuwa imegeuka kuwatazama. Muuzaji, Ridwan, alisimama katikati ya magari mawili meupe, ya aina moja, ya mwaka mmoja. La daraja la kati lilikuwa na viti vya kitambaa, kiyoyozi hadi nyuma na tairi kamili la akiba, kwa milioni tatu na laki sita. La daraja la juu liliongeza viti vya ngozi, skrini kubwa, kamera pande zote na lile paa. Milioni nne na laki mbili.

“Eddo, shangazi yangu, nikuambie ukweli,” Ridwan alimwambia Rukiyo. “Injini ni ile ile. Na hili la juu tairi lake la akiba ni jembamba, litakuaibisha kabla hujafika Wajir. Thamani iko kwenye la kati.”

“Najua.”

Alijua. Alikuwa ameyakagua yote mawili kwa saa nzima, hadi chini ya mazulia. Miaka kumi na tisa ya ndoa, hakuwahi kununua kitu kwa sababu kinang'aa.

“Unajua, halafu?” Sakariye alijifuta jasho kwa ncha ya shali yake mpya. “Mama Ayanle, hiyo laki sita ina kazi yake.”

“Kazi gani?”

Sakariye akatazama saa.

“Si nakuuliza, Baba Ayanle? Kazi gani?”

“Mambo ya wanaume! Nilikuahidi gari, chukua gari!”

“Uliahidi mbele ya wazee wanne kwamba nitachagua mwenyewe. Niwaite waje hapa yadi, uwaambie umevunja neno lako?” Simu ilikuwa tayari sikioni.

“Kata hiyo simu! Tamaa itakuua, wallahi!”

“Na iniue kwenye viti vya ngozi.”

Sakariye alitukana kwa Kisomali, akafungua benki kwenye simu yake, akatuma pesa yote huku akibonyeza kama mtu anayeua kupe. Ridwan akathibitisha, akamkabidhi Rukiyo ufunguo. Rukiyo akapanda, akawasha injini. Ridwan, akitaka kumpoza mzee, akaiunganisha simu ya Sakariye na skrini ya gari, angalau aone alicholipia.

Simu ikaita palepale. Ridwan akagusa skrini, na sauti ya mwanamume ikajaa gari lote:

“Bwana harusi, uko wapi? Shehe amefika, Ifrah ameshavaa. Tunangoja wewe na ile laki sita ya mahari.”

Rukiyo, bila kushtuka, akavuta mlango, akaweka gia, akatoka getini.