Kivuli wa Kundi la Mtaa

Mji ule haukuwa na mtunza siri kama Bi Siwema. Alisema hivyo mwenyewe, kila siku, kwa kila mtu.

Jioni moja akaja mwanawe Hemedi, msimamizi wa kundi la mtaa la kwenye simu, hoi kwa uchovu.

"Mama, kesho kila mtu ataandika jina lake halisi. Kuna mmoja anajiita Kivuli, kazi yake kumsema mwanawe."

Bi Siwema akainamia ukili aliokuwa akisuka. Kwa jina hilo la Kivuli ndipo alipopata watu wa kumpa pole kila asubuhi.

"Simjui, baba. Mimi huko nasoma tu."

"Eti mwanawe hajamtembelea miezi mitatu!"

"Minne," alisema Bi Siwema, na vidole vikasimama katikati ya ukili.