Mfuko wa Sketi ya Purity

Phyllis alizamisha sketi ya shule kwenye beseni, na majani matatu yakaelea juu ya povu. Akageuza mfuko nje. Mengine mawili yalikuwa yamejibana kwenye mshono, laini, na harufu yake haikuhitaji kuulizwa.

Muguka, ile miraa ya majani.

Kinyaa kilimpanda. Akatema mate pembeni kana kwamba ni yeye aliyetafuna. Alikuwa anaujua mmea huo kuliko alivyotaka. Ndio uliomlia kifunguamimba wake, Mutugi, ambaye zamani alikuwa wa kwanza darasani na sasa anashinda kwenye baraza za maduka, shavu limevimba kwa majani na njugu za kukata uchungu wake, mate ya kijani yakimshuka kidevuni, nzi wakimtua mdomoni naye hana habari. Phyllis aliona aibu kusema, lakini mtoto wake wa kumzaa alimtia kichefuchefu. Hata kikombe chake alikiosha peke yake.

Na sasa Purity. Gredi ya nne, miaka kumi!

"Wewe Purity! Kuja hapa. Hii ni nini?"

Msichana alitazama beseni, kisha akatazama vidole vya miguu yake. "Si yangu, mami."

"Hata ndugu yako alisema hivyo hivyo. Si yangu, si yangu, mpaka meno ikaisha!"

Purity alichutama, akaanza kuokota majani kwenye povu, moja moja.

Lililomchoma Phyllis zaidi ni kwamba mambo yalikuwa yameanza kunyooka. Purity alikuwa na akili kali, lakini kutulia hakujui. Akifanya hesabu mbili, ya tatu anaiacha na kumfuata kipepeo. Akitumwa chumvi, anarudi na konokono. Phyllis alijaribu fimbo, akajaribu ahadi ya viatu vipya, akampeleka hata kuombewa kanisani. Wapi! Mwanzo wa muhula, mwalimu wake wa darasa, Mwalimu Gitari, akamwita shuleni. Mtu nadhifu, tai shingoni, leso mkononi kwa ajili ya mafua yake yasiyopona, na chupa ya soda mezani.

"Mama Mutugi, huyu mtoto si mjinga," alisema akiwa ameziba mdomo kwa leso. "Ni mwepesi tu. Ukimfungia kwa dawati siku nzima, akili inatoka kwa dirisha. Mtoto kama huyu anataka jukumu. Wacha nimfanye msaidizi wangu, utaona."

Na kweli aliona. Purity akawa wa kuamka kabla hajaitwa. Sare akaipiga pasi mwenyewe. "Nisipofika, Mwalimu atafanya aje?" alikuwa akisema, kidevu juu, na daftari zikaanza kurudi na alama za vema. Phyllis alimpelekea mwalimu jogoo na kilo mbili za ndengu, akaona bado hajashukuru vya kutosha.

Kumbe alikuwa anashangilia mbio za sakafuni. Mtoto amekabidhiwa heshima, naye anaipakaa uchafu huu.

Jumatatu Phyllis hakwenda shambani. Alijibanza nyuma ya kinu cha kusagia mahindi, mkabala na lango la shule, akangoja. Saa nne, wakati madarasa yote bado yalikuwa yanasoma, Purity akatoka mbio. Hakusimama kuwatazama mbuzi. Hakugusa hata jongoo aliyekuwa akivuka njia. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha Muchangi, muuza muguka, na Muchangi, bila kuuliza neno, akampa kifurushi cha karatasi ya kaki, kama anavyopewa mteja wa kila siku.

Phyllis alifika pale akiwa hajui amevukaje barabara. Kofi kwa Purity lilitangulia maneno.

"Mama, pole pole," Muchangi alisema, "huyu mtoto ni—"

"Nyamaza wewe! Unauzia watoto sumu, na jioni unaenda kula na watoto wako! Shetani mkubwa!"

Alikifungua kifurushi. Majani mabichi, yamefungwa vizuri, bado na umande. Alitamani kuyakanyaga hapo hapo, lakini akayafunga tena na kumrudishia Purity mkononi.

"Shika. Utaenda nayo hivyo hivyo mpaka kwa Mwalimu, akuone vile uko."

Hapo ndipo msichana alipolia. Kofi halikuwa limemliza. "Mami, tafadhali, usinipeleke! Atanitoa kuwa msaidizi!"

"Na akutoe! Alikuamini, wewe ukaona ni mchezo."

Njia nzima Phyllis alipanga maneno. Angeomba msamaha. Ikibidi, angepiga magoti mbele ya darasa zima, mradi tu Mwalimu asimkatie tamaa mtoto huyu kama yeye alivyomkatia tamaa yule mwingine. Hakuwa na mtoto wa tatu.

Mlango wa gredi ya nne ulikuwa wazi. Watoto waliwaona, hakuna aliyecheka. Mwalimu Gitari alikuwa amewapa mgongo, akiandika hesabu za sehemu ubaoni. Phyllis alisimama kizingitini, akamsukuma binti yake atangulie, kifurushi mkononi.

Mwalimu alisikia hatua zile ndogo. Hakugeuka. Mkono wa kulia uliendelea kuandika. Wa kushoto ukaja nyuma, kiganja wazi.

"Umekawia leo, msaidizi wangu," alisema. "Na njugu, umekumbuka?"