Kilio cha Tantine Christiane

Mwili uko wapi, hakuna aliyeuliza. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua.

Asubuhi ile kijana wao Michée alikuwa ametuma picha ya shangazi yao, Tantine Christiane, kwenye grupu ya familia, na chini yake mshumaa unaowaka. Hapo hapo mtandao wa Mitwaba, anakofanya kazi, ukakatika. Nani alihitaji maelezo? Binamu wa kwanza akaandika RIP, wa pili akamwaga vikatuni vya njano vinavyolia, na kabla ya saa sita ukoo ulikuwa umejaa nyumbani kwa Tantine, Katuba, kila mtu na simu yenye chaji kamili.

Wazee walikuwa mbali, Kasai. Vijana wengi walimjua marehemu kwa picha ya grupu tu: wigi nyeusi, midomo myekundu, harusi ya zamani.

Léonie ndiye aliyemjua kweli. Likizo zote za utotoni alilala kitanda kimoja na Tantine. Siku hizi Tantine akimpigia kwa kasimu kake ka vitufe, Léonie aliiacha iite, maana alikuwa anachati. Tangu aolewe hakukanyaga tena parcelle ile, ua wa Tantine. Sasa alilia machozi ya kweli, na kilichomuuma ni kwamba hatapata tena nafasi ya kumwomba msamaha.

Hata hivyo aliwasha kamera. Binamu wa Ulaya lazima waone kwamba alifika.

Vijana walitoa kabati na viti vyote vya sebuleni nje, kama desturi ya kilio inavyotaka. Bibi mmoja mwembamba, mwenye mvi, alitokea uani na mwiko mkononi.

"Polepole na ile kabati," akawaambia. "Mulango yake inaangukaka."

Walimsogeza kando kwa heshima, kwa kuwa alikuwa anaziba video. Bibi hakununa. Alionyesha makaa yalipo, akatandika mikeka, akaleta bukari, ugali wa kwao, na kuku.

"Mukule. Nilipika tangu asubuhi."

Kisha, alivyoona watu wote wanalia, naye akakaa chini akalia, tena kwa uchungu kuliko wengi wao. Exaucée, mdogo wake Léonie, alimpiga picha akaiweka status, maana machozi ya mzee yanapendeza. Simu yake ya pili ilikuwa juu ya kigoda, ikionyesha ile picha ya Tantine.

Bibi alimgusa Léonie begani.

"Mutoto yangu, nilitaka kukuuliza..."

"Mama, ngoya kidogo, niko ku live," Léonie alisema, macho kwenye kioo. "Ikala huku nyuma, usifiche picha."

Bibi akakaa nyuma. Alingoja mpaka Léonie alipowaaga watu wa Ulaya, mpaka aliposoma pole zao zote, mpaka simu ilipozimika yenyewe kwa kukosa chaji.

"Sasa uniambie," bibi akasema taratibu. "Nani alikufa?"

Léonie, akitafuta chaja mkobani, alinyoosha kidole kuelekea kigoda. Bibi alivaa miwani yake, akainama, akaitazama ile picha kwa muda mrefu.

"Ile picha njo mie mwenyewe, Léonie," akasema. "Leo ninatimiza miaka makumi saba. Nilifurahi sana vile mulikuya, mpaka mulianza kulia."