Mabuti ya Mkuu wa Ulinzi

Siku hiyo mtaa ulikuwa unamchagua mkuu wa ulinzi, na kura ilikuwa ya kupanga foleni nyuma ya mgombea unayemtaka. Nyuma ya Shebughe watu walijazana hadi kwenye choo cha soko. Nyuma ya mpinzani wake hakukuwa na mtu. Hata mkewe alikuwa kwa Shebughe, akijifanya anatafuta kivuli.

Siwema aliwatazama akasonya. Wote hao walikuwa wameibiwa, na wote walimjua mwizi. Walitumaini tu kwamba akishapewa ukuu ataibia mtaa mwingine.

Shebughe alikuwa amesimama kifua mbele, filimbi shingoni, miguuni mabuti ya mvua yaliyotoweka barazani kwa Siwema. La kushoto Siwema alikuwa amelitia kiraka mwenyewe, enzi za uhai wa mumewe.

Siwema akawapita wote, akasimama nyuma ya Shebughe kabisa. Watu wakapiga makofi: hata mjane kaja.

"Mkuu," akamwambia taratibu, "la kushoto linavuja."

Shebughe alipoitwa kwenda kuapa, akalifikia dimbwi la mvua ya asubuhi, akasita, mguu wa kushoto ukabaki hewani, mtaa mzima ukiutazama.